Mlio wa Jembe la Lukenge

Kwa miaka yote aliyoishi Morogoro, Nasibu Kaombwe aliutumia mlima wa Uluguru kama watu wengine wanavyoitumia redio: kujua hali ya hewa. Asubuhi akitoka nje na mswaki mdomoni, alitupa jicho upande wa kusini. Wingu likikaa shingoni mwa mlima, alijua mvua iko njiani. Likikaa kichwani tu, alijua ni maringo, hakuna kitakachonyesha. Basi. Zaidi ya hapo mlima haukuwa na kazi naye, wala yeye hakuwa na kazi na mlima.

Alikuja mjini angali kijana, kutoka Urambo, akapata ajira kwenye karakana ya reli, na huko ndiko alikozeekea. Alikuwa fundi wa kufua na kuchomelea vyuma. Mikono yake ilijaa madoa ya cheche, na masikio yake yalizoea nyundo kiasi kwamba kimya kilimsumbua. Siku alipostaafu wenzake walimnunulia keki na soda, mkubwa wa karakana akatoa hotuba fupi, kisha Nasibu akarudi nyumbani kwake Kihonda akakaa barazani. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mtu aliyezoea kupaza sauti kuishinda mitambo sasa aliongea kwa kunong'ona, kama mgonjwa. Chakula alikigusagusa. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka uliopita, na nyumba ilikuwa kubwa kuliko yeye.

Binti yake, Asha, alikuwa mfamasia Dodoma. Kila alipokuja kumsalimia alimkuta baba yake amepungua kidogo. Safari moja alimuuliza kinachomsumbua hasa, na mzee akajibu bila kumtazama.

"Nimefanya kazi maisha yangu yote, mama. Sasa nionyeshe kitu kimoja tu ninachoweza kukishika nikasema hiki nilikitengeneza mimi. Magurudumu yamekwisha, yametupwa kwenye chakavu. Chuma kinaliwa na kutu, na aliyekifua anasahaulika hata kabla kutu haijaanza."

Asha alirudi Dodoma na maneno hayo kichwani. Safari iliyofuata alishuka kwenye treni akiwa na viatu vipya vya kupandia milima, jozi mbili.

"Baba, kesho tunapanda mlima."

"Mlima upi?"

"Huo hapo."

Mzee akautazama kana kwamba ndiyo kwanza umewekwa pale. "Kufanya nini huko?"

"Kuona jua likichomoza. Nimeshaongea na mtu wa kutuongoza. Tukishuka, atatupeleka upande wa Mlali kuona mahali pa watu wa kale."

"Jua huwa linachomoza hata hapa barazani," alisema Nasibu. Hata hivyo akavijaribu viatu, na vilimkaa vizuri, na kwa sababu hiyo tu akakosa kisingizio.

Waliondoka kabla ya adhana ya alfajiri. Dereva wao, Geofrey, alikuwa mtu asiyependa maneno, na gari lake lilipanda kwa gia nzito kwenye njia ya mawe hadi pale Morningside, kwenye ile nyumba kuukuu ya Wajerumani. Hapo walisubiriwa na mwongozaji wao, mwanamke wa makamo, mfupi, aliyejifunga kitenge juu ya suruali na kuvaa kofia ya sufu.

"Shikamoo, baba," alisema. "Mimi naitwa Juliana. Nimezaliwa hapo juu tu, kwenye ile taa moja unayoiona."

"Marahaba, mwanangu. Sasa wewe kila siku unapanda huku?"

"Zamani nilikuwa nashuka na kupanda na tenga la kabichi kichwani. Siku hizi nabeba maji ya wageni. Ni mepesi kidogo."

Wakaanza kupanda, Juliana mbele na tochi, Nasibu katikati, Asha nyuma. Njia ilipita katikati ya matuta ya mboga, ikapita migomba, kisha ikasimama wima kama ngazi. Nasibu alisikia moyo wake ukimdunda hadi kooni. Mara mbili alitaka kusema basi, turudini, lakini kila alipofungua mdomo Juliana alisimama mwenyewe, akajifanya anafunga kamba za viatu. Nasibu alilitambua hilo na akalishukuru moyoni. Alikuwa na umri wa kujua heshima inapotolewa kwa siri.

Walipofika kwenye kijito mzee aliomba wasimame. Aliukunja mkono wa shati, akatawadha. Maji yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Juliana akamwonyesha mahali palipo tambarare, penye nyasi fupi.

"Kaskazini ni wapi?" aliuliza Nasibu.

"Zilipo taa za mji, baba. Ukielekea mjini umeelekea kaskazini."

Akatandika koti lake chini akasali. Asha alisali nyuma yake. Juliana alikaa pembeni, akazima tochi, akafanya ishara ya msalaba kifuani, akatulia. Nasibu alipoinuka kutoka sijida aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona: Morogoro nzima, kuanzia Msamvu hadi Kihonda, hadi taa chache za mbali upande wa Kingolwira, imejaa kwenye upana wa viganja viwili. Maisha yake yote yalikuwa mle. Karakana, msikiti, kaburi la mama Asha. Alihisi kama mtu aliyeonyeshwa picha ya nyumba yake ikiwa imepigwa kutoka juu, akashindwa kuutambua mlango.

Wakaendelea. Wakaingia msituni, ambako giza lilikuwa na unyevu na miti ilikuwa na ndevu za kuvu. Ukungu ukaanza kupanda kutoka chini. Kwanza uliificha miguu yao, kisha viuno, kisha Asha akatoweka kabisa, ikabaki sauti yake tu.

"Jamani, Juliana! Sasa jua tutalionaje?"

"Twende tu, dada."

"Nimemtoa mzee kitandani kuja kumwonyesha ukungu?"

"Twende tu," Juliana alirudia.

Walitokea kwenye bega la mlima, mahali pa mwamba mtupu. Huko mashariki mlima ulianguka ghafla, na magharibi hali kadhalika. Lakini hawakuona mashariki wala magharibi. Walisimama ndani ya weupe. Asha alikuwa karibu kulia kwa hasira. Nasibu alikaa juu ya jiwe, akakandakanda goti lake, akawaza maneno ya kumfariji binti yake, kwamba matembezi yenyewe yalitosha na hewa ilikuwa nzuri.

Hakuwahi kuyasema. Weupe ulianza kubadilika. Ulikuwa wa maziwa, ukawa wa asali, halafu ukungu ukashuka kama maji ya beseni lililotobolewa chini. Vichwa vyao vikatokea juu yake, kisha vifua, kisha mwamba. Mbele yao, mashariki yote, hadi mwisho wa macho, kulikuwa na mawingu yaliyolala kama pamba iliyotandazwa juani, na vilele vya vilima vya chini vilitokeza hapa na pale, vyeusi. Kwenye ukingo wa mawingu yale paliwaka mstari mwembamba.

Nasibu aliujua moto. Aliujua katika rangi zake zote, tangu ule wekundu wa damu ambao kwao chuma kinaanza kulainika hadi ule weupe ambao mtu hauangalii bila kioo. Lakini siku zote aliuona ndani ya tanuri, ukubwa wa ndoo. Sasa aliuona ukiwa na upana wa nchi. Mstari ulipasuka katikati, jua likajitokeza, na mawingu yote yakashika rangi kwa mara moja, kimya kimya, bila mlio wowote. Hilo ndilo lililomshangaza zaidi. Kazi kubwa namna ile, na hakuna kelele.

"Subhanallah," alisema.

Asha alikuwa ametoa simu apige picha, akasahau kuiinua.

"Sasa geukeni," alisema Juliana.

"Tugeuke wapi? Jua liko huku!"

"Geukeni, dada."

Wakageuka. Bonde la magharibi lilikuwa bado limejaa ukungu hadi ukingoni, na juu ya ukungu ule vilisimama vivuli vyao vitatu, virefu kupita kiasi. Nasibu alitazama cha kwake. Kichwa cha kivuli chake kilizungukwa na pete ya rangi: nyekundu nje, kisha manjano, kijani, na buluu ndani kabisa. Aliinua mkono. Kivuli kikainua mkono, na pete haikusogea.

"Asha," alinong'ona, "unaona kile kilichonizunguka kichwani?"

"Kilichokuzunguka wewe? Mbona kiko kwangu, baba!"

"Hapana. Kiko kwangu. Tazama vizuri."

"Baba, nakwambia kiko kwangu. Wewe huna kitu."

Wakatazamana, kisha wakamtazama Juliana, ambaye alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko.

"Kila mtu anaona cha kwake tu," alisema. "Mimi hapa naona cha kwangu, na ninyi nyote hamna kitu. Watu wa chuo walinieleza kwamba ni jua na matone ya ukungu. Bibi yangu alinieleza vingine. Mimi nawaonyesha tu. Haitokei kila mara, baba. Kuna wageni nimewaleta hapa mara nne wakaondoka na mafua."

Nasibu aligeukia tena kivuli chake. Alibaki akiitazama pete yake mpaka ukungu ulipoanza kukatika na rangi zikayeyuka, na hata zilipokwisha alibaki akitazama mahali zilipokuwa. Asha alimshika mkono. Hakukumbuka mara ya mwisho alipomshika baba yake mkono. Pengine ilikuwa mazikoni.

Jua lilipopanda walishuka hadi kwenye gari, Geofrey akawapa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, wakaupita mji na kushika njia ya Mlali. Huko kulikuwa na vuno la nyanya, na matenga yalipangwa kando ya barabara kama kuta. Kutoka hapo gari likakata kushoto, likaanza tena kupanda, safari hii upande mwingine wa mlima, hadi barabara ilipokwisha kwenye kijiji cha Lukenge. Nyumba zilining'inia mteremkoni, na chini ya kila nyumba palikuwa na ngazi za matuta ya njegere na karoti. Kengele ya kanisa ilikuwa imetundikwa kwenye mti, nayo ilikuwa kipande cha rimu ya lori.

"Mahali tunapokwenda ni pa ukoo wetu," alieleza Juliana wakitembea. "Hapaingiliwi hivi hivi. Kuna bibi anayepatunza, Bibi Eufrazia. Kwetu mambo ya ukoo yanapita kwa mama, kwa hiyo alirithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Yeye ndiye atakayewapeleka."

Bibi Eufrazia alikuwa anapepeta maharage uani. Alikuwa mwembamba, na rozari ilining'inia shingoni. Nasibu, ambaye siku hizi ndiye aliyekuwa akiamkiwa kila mahali, alijikuta akiinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmetoka mjini?" Aliweka ungo chini, akawatazama mmoja baada ya mwingine bila haraka. "Kila anayekuja hapa namuuliza jambo moja tu. Unafanya kazi gani?"

"Mimi nauza dawa, bibi," alijibu Asha. "Za hospitali."

"Vizuri. Na wewe, baba?"

"Mimi nimestaafu."

"Sikuuliza umeacha nini. Nimeuliza unafanya kazi gani."

Nasibu akasita. "Mimi ni fundi chuma, mama. Nafua na kuchomelea."

Bibi Eufrazia alimsogelea. Aliivuta mikono ya Nasibu, akaigeuza, akatazama madoa ya cheche, akapitisha kidole gumba juu ya mojawapo. Kisha akamwambia Juliana maneno mengi kwa Kiluguru, kwa sauti ya chini, na Nasibu aliona uso wa Juliana ukibadilika.

"Anasema nini?"

"Anasema twende," alijibu Juliana. "Anasema wewe utatangulia."

Njia ilizunguka nyuma ya migomba, ikashuka kwenye korongo, ikapanda hadi chini ya jabali kubwa lililoinama mbele kama ukingo wa paa. Kabla ya kufika, bibi aliwasimamisha wote. Alitoa unga kidogo kwenye pindo la khanga, akaunyunyiza njiani, akaanza kuwataja watu kwa majina, mmoja mmoja, kama anayeita watoto waje kula. Nasibu akarudi nyuma hatua moja. Hakutaka kumvunjia heshima, lakini pia alikuwa na dini yake.

Bibi aliona. "Sikuombi uombe ninavyoomba," alisema. "Mimi mwenyewe kesho niko kanisani. Wape salamu tu. Kwenu mkipita makaburini hamuwasalimii?"

"Tunawasalimia."

"Basi."

Nasibu akavua kofia, akatoa salamu ile anayoitoa kila anapopita kwenye kaburi la mkewe: amani iwe juu yenu, enyi wakazi wa mahali hapa, nasi tutawafuata Mungu akipenda. Sauti yake iligonga jabali ikarudi, na ikamshtua, kwa kuwa haikuwa ya kunong'ona.

Chini ya jabali palikuwa na duara la udongo mwekundu uliokauka kama tofali la kuchoma, limefika urefu wa goti. Kulizunguka palilala mabonge meusi, mazito, yenye matundu. Nasibu aliokota moja, akaligeuza. Hakuhitaji kuambiwa kwamba ni takataka inayobaki chuma kikiyeyushwa.

"Mavi ya chuma," alisema.

"Ndiyo, baba," alisema Juliana. "Hapa waliyeyusha chuma. Si cha kununua. Walichimba mchanga mweusi kule mtoni, wakakata mkaa, wakajenga tanuri, wakavukuta mchana na usiku. Walikuja wataalamu wa mambo ya kale, wakachukua mkaa wakaupima. Wakasema tanuri la juu ni la juzi juzi, la enzi za babu zake bibi, lakini lipo jingine chini yake, na jingine tena chini ya hilo. La chini kabisa limezidi miaka elfu moja."

Nasibu alirudia kimoyomoyo. Miaka elfu moja. Karakanani aliambiwa na waliomtangulia, nao waliambiwa na waliowatangulia, kwamba chuma kililetwa nchi hii na Wajerumani pamoja na reli. Hakuwahi kuwa na sababu ya kubisha. Na siku zote hizo, alipokuwa akigonga kule chini akijiona mwanafunzi wa wageni, mlima huu ulikuwa umekaa mbele ya mlango wake na haya yote kifuani.

"Wageni wanatazama tu," alisema Bibi Eufrazia. "Lakini wewe gusa. Hao ni wenzako."

Alimwonyesha bomba la udongo lililolala kando ya tanuri, lile lililopitisha upepo wa mivukuto. Mdomo wake mmoja ulikuwa umeyeyuka na kung'aa kama kioo. Nasibu alipiga magoti, goti lake bovu likalia, hakujali. Akalipitishia kiganja taratibu. Katikati ya bomba vidole vyake vilitumbukia kwenye vishimo. Akasimamisha mkono. Vilikuwa vinne upande mmoja, na kimoja upande wa pili. Mtu fulani alilishika bomba hili likiwa bado bichi, akalibana kidogo kulinyoosha, kisha akaliacha likauke, akaenda zake. Nasibu aliweka vidole vyake mle. Viliingia sawasawa, isipokuwa cha mwisho. Mtu yule alikuwa na kidole kidogo kifupi kuliko chake.

Alikaa vile, ameshikana mkono na mtu asiyemjua.

"Huyu aliitwa nani?" aliuliza hatimaye.

"Jina lake halikutufikia," alisema bibi.

Asha alitazama pembeni. Aliogopa kwamba baba yake angeyachukua maneno yale kwa ubaya. Lakini mzee alikuwa akitikisa kichwa polepole, na midomo ilimcheza kama mtu anayezuia tabasamu mahali pasipofaa kucheka.

Bibi Eufrazia aliingia ndani zaidi, chini kabisa ya jabali, akarudi ameshika kamba ya katani iliyofungwa kitu kizito. Lilikuwa jembe. Si kama majembe ya dukani. Hili lilikuwa na umbo la jani, pana tumboni na jembamba kwenye mkia, jeusi, limefuliwa kwa mkono. Akalitundika kwenye kijiti kilichochomekwa kwenye ufa wa mwamba, likaning'inia na kuzunguka taratibu.

"Zamani tanuri likifunguliwa na chuma kikatoka salama, fundi aligonga jembe hili, ili ng'ambo ya korongo wajue," alisema. "Haligongwi na mtu mwingine. Mimi nimelitunza maisha yangu yote, nimelipaka mafuta kila masika, lakini sijawahi kuligonga. Wa mwisho alikuwa mjomba wa mama yangu. Nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Tangu hapo wamekuja walimu, mapadri, wazungu na vijana wa chuo. Wote nimewauliza kazi yao. Hajaja fundi."

Nasibu alielewa anachoombwa, akaogopa. Hakuwahi kuogopa chuma, lakini hiki alikiogopa. "Mama, likivunjika?"

"Kama umesema kweli kuhusu kazi yako, halitavunjika."

Juliana akamletea jiwe la mtoni, la mviringo. Nasibu alilipima mkononi, akalizungusha hadi lilipokaa vizuri. Akagonga. Pakatoka sauti fupi, butu, kama sufuria iliyoanguka. Akaona haya. Aligonga kwa woga, na chuma hakipendi woga. Hilo aliwafundisha vijana wengi. Akalisogelea jembe, akaligusa kwa kucha hapa na pale na sikio lake karibu, akalitafuta lile eneo moja ambalo kila kipande cha chuma kinalo, pale sauti yake inapoishi. Akarudi nyuma nusu hatua. Akavuta pumzi.

Mlio uliotoka haukuwa mkubwa mwanzoni. Ulikuwa mwembamba na safi, ukaenda mbele, ukagonga ukuta wa pili wa korongo, ukarudi umenenepa, ukakutana na wenyewe chini ya jabali hadi Nasibu akausikia ndani ya meno. Ndege walinyamaza. Ulining'inia pale, ukakataa kufa, ukazunguka bonde zima kama kitu kinachotafuta mtu. Asha alijikuta ameweka mikono miwili kifuani.

Ng'ambo ya korongo, kwenye matuta ya mboga, wanawake waliokuwa wakilima waliinua migongo, majembe mkononi. Walisimama bila kusogea. Kisha mmoja wao, mzee, ambaye kwa mbali alionekana kama nukta ya khanga nyekundu, alitupa jembe chini akapiga kigelegele. Wengine hawakujua ni cha nini, lakini wakakidaka, kikaenda kutoka shamba hadi shamba, kikapanda mlimani hadi wasikokuona.

Bibi Eufrazia alikuwa amekaa chini, juu ya mavi ya chuma, amefumba macho. Machozi yalimtiririka naye hakuyafuta.

"Ndivyo hivyo," alisema. "Nilidhani niliuota."

Jembe liliendelea kuzunguka kwenye kamba. Juliana, ambaye alikuwa ameleta wageni pale miaka nenda rudi, ambaye mwenyewe alizaliwa katika ukoo ule, alichuchumaa kando ya bibi akilitazama jembe kama mgeni aliyefika leo.

Baadaye walikula maharage na magimbi uani kwa bibi, na watu wa ng'ambo wakaanza kufika mmoja mmoja kumtazama mgeni. Yule mzee wa khanga nyekundu alikuja akihema, akamshika Nasibu mabega, akamtazama usoni muda mrefu, akaondoka. Nasibu alizungumza mchana ule kuliko alivyozungumza mwaka mzima. Aliuliza habari za mchanga mweusi, na ngozi zilizoshonwa mivukuto, na nani alikuwa akiimba wakati wa kuvukuta. Bibi alijibu anayoyajua, na yale asiyoyajua alisema hayajui. Walipoaga alimwambia, "Mwezi ujao wajukuu zangu wanakuja kutoka Turiani. Hawajausikia mlio."

"Nitakuja, mama," alisema Nasibu.

Jioni, Kihonda, jirani yake Yunusi alipita barazani na ndoo ya maji, akasimama kumwona mzee akiwa na viatu vya ajabu vilivyojaa tope.

"Mzee Nasibu! Nasikia ulikuwa mlimani. Mmeona nini huko?"

Nasibu akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, akanyoosha mkono upande wa kusini, mkono ukabaki hewani. Asha alimtazama kutoka mlangoni na hakumsaidia.

"Yunusi," mzee alisema mwishowe, kwa sauti iliyovuka hadi nyumba ya tatu, "hayo magoti yako yana hali gani?"